Shangazi Aliyefundisha Kukataa

Kituoni wote walimwita Shangazi, hata mkurugenzi aliyemzidi umri kwa miaka sita. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipoajiriwa kufagia na kupiga deki, kwa sababu hakuwa mtu wa kupita na ndoo yake kimya kimya. Akimkuta mfanyakazi amevaa shati lililokunjamana, atamwambia. Akimkuta mwingine amenuna, atamuuliza kaudhiwa na nani. "Mungu kanipa mdomo," alikuwa akisema, "sasa niuweke akiba ya nini?"

Kilikuwa kituo cha kutwa cha watu wazima ambao hawakujaliwa maneno, au walijaliwa machache. Jengo lilikuwa zamani kiwanda kidogo cha uchapaji, na sakafu ya chumba kikubwa ilikuwa na madoa ya wino mweusi yaliyozishinda sabuni zote za Shangazi. Saa mbili asubuhi wazazi waliwaleta watoto wao, baadhi yao wenye ndevu na vipara, na saa tisa na nusu wakaja kuwachukua.

Kabla ya hapo Shangazi alikuwa mpishi wa shule kwa miaka kumi na tisa. Shule ilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, anaishi na dada yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Deki ilikuwa kazi ya kushikilia tu huku akitafuta nyingine. Lakini macho yake hayakutulia kwenye deki. Palikuwa na bwana mmoja mrefu aliyekuwa akirusha viti, na kila mtu akisema ni mkorofi. Shangazi, akiwa na mti wake wa deki mkononi, aligundua kwamba viti huruka hasa pale fundi redio wa jirani anapowasha spika zake.

"Huyu hana ukorofi," alimwambia msimamizi. "Anaumizwa masikio."

Msimamizi alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye digrii ya uchambuzi wa tabia na miwani aliyoipandisha kwa kidole kila alipofikiri. Angeweza kumwambia mfagiaji ashike lake. Badala yake alihesabu kwa siku nne. Kati ya viti thelathini na kimoja vilivyorushwa, ishirini na vinane viliruka spika zikiwa zinaunguruma. Wakahamisha meza ya yule bwana upande wa pili wa jengo, na viti vikatulia.

"Shangazi, umefanya kazi yangu bila digrii," alisema msimamizi, na mwezi uliofuata akamwandikisha kwenye mafunzo ya saa arobaini.

Shangazi aliipenda fani ile. Aliielewa kuwa na maswali matatu: nini kilitangulia, mtu alifanya nini, nini kikafuata. Tabia inayopata kitu kizuri hurudi, inayoambulia patupu hufifia. "Hilo wahenga walishalijua," alimwambia msimamizi. "Mkono mtupu haulambwi." Akapewa karatasi za kuhesabia, kalamu yenye kamba ya kuvaa shingoni, na kihesabio cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, kama kile cha mlinzi anayehesabu watu wanaoingia uwanjani. Dada yake alicheka sana. "Miaka yote hiyo umehesabu sahani, sasa unahesabu watu."

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo akaletwa Kipepeo.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Jina la Kipepeo alipewa na mama yake kwa jinsi alivyopepesa vidole kando ya masikio akifurahi. Hakusema neno, ila alikuwa na mvumo mmoja wa chini aliouvumisha kutwa nzima, kama cherehani inayosikika kutoka chumba cha pili. Mama yake alikuwa fundi cherehani, basi watu wakasema binti kaiga mashine.

Na Kipepeo alikuwa bingwa wa kukataa. Akiambiwa avue viatu, anakaa chini. Akiambiwa asimame, analala. Ukimshika mkono analegea mwili mzima kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba, na mwili uliolegea, kama ajuavyo kila aliyewahi kubeba mtu, huwa mzito mara mbili. Mama yake alishamburuza sokoni mbele za watu. Alishakosa mabasi. Alishashonea nguo watu asiowahi kuwafikishia kwa sababu binti alikaa chini njiani.

"Nisaidieni asikatae," alisema siku ya kwanza, ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Mengine nitayamudu mwenyewe."

Msimamizi akaandika mpango, akauita Kufuata Agizo. Shangazi angetoa agizo mara moja. Kama Kipepeo hakulifuata ndani ya sekunde tano, angeonyeshwa kwa mfano, na kama bado, angeshikwa mkono na kufanyishwa. Akifuata, anapewa kipande cha utepe wa satini auvute kati ya vidole, kitu alichokipenda kuliko chakula, na sifa kemkem juu yake. Akikataa, habadilishiwi kitu. Agizo linabaki palepale hata ikichukua nusu saa.

Siku ya kwanza Shangazi alibonyeza kihesabio mara arobaini na tatu, mara moja kwa kila kukataa. Mikono ilimuuma, mgongo ukamuuma, Kipepeo akalia na Shangazi nusura alie. Lakini alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni. Wiki ya tatu wakafika thelathini. Mwezi wa pili, kumi na nane. Mwezi wa tano mstari wa grafu ukashuka hadi chini ukajilaza pale kwenye sifuri, na msimamizi akaibandika grafu hiyo ofisini kwa mkurugenzi. Tangu hapo kihesabio kikawa cha kuhesabu maagizo yaliyofuatwa.

Mama alikuja siku moja akamkumbatia Shangazi mlangoni. "Nimemkata kucha zote kumi," alisema. "Zote! Tangu awe na miaka tisa nilikuwa namkata akiwa amelala." Alikuwa anapanda naye basi sasa. Alikuwa anaingia naye dukani kununua uzi na kutoka naye. Hayo hayakuwa mambo madogo, na Shangazi alikuwa na haki ya kujivunia.

Jumatano moja, akipanga karatasi, Shangazi alihisi chumba kina kasoro. Akaangalia feni, akaangalia saa ya ukutani. Kisha akatambua: ule mvumo haukuwapo. Alipojaribu kukumbuka umekoma lini, hakuweza. Alitafuta kwenye karatasi yake pa kuandika jambo hilo. Karatasi ilikuwa na safu ya agizo, safu ya alifuata, safu ya alikataa. Ya mvumo haikuwapo, basi hakuandika, na mchana alishasahau.

Wanafunzi kumi na mmoja wakaja kutoka chuoni kujifunza. Kipepeo aliketishwa mbele yao, mikono mapajani. "Simama," alisema Shangazi, akasimama. "Kaa." Akakaa. "Gusa pua. Nipe kiatu." Kipepeo akavua kiatu, akampa, akabaki na mguu mmoja mtupu juu ya doa la wino. Wakapiga makofi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Na akichoka, anasemaje?"

"Swali zuri," alisema msimamizi, akatazama saa yake, na wakaenda kuona jiko.

Siku iliyobadili mambo ilikuwa Jumatatu, saa nne, wakati wa chai. Kwa kawaida mpishi wa kituo huipoza chai ya watu wa chumba kile kwa kuimiminamimina kati ya majagi mawili. Siku hiyo mpishi alikuwa na ruhusa, na chai ililetwa kwenye chupa kama ilivyotoka jikoni. Shangazi alimimina kikombe huku akimweleza mfanyakazi mpya jinsi ya kujaza karatasi. Alimpa Kipepeo kikombe.

"Kunywa," alisema, bila kumtazama.

Akasikia funda likishuka. Akabonyeza. "Vizuri sana! Unaona," alimwambia yule mpya, "hapo unaweka alama kwenye alifuata. Kunywa tena." Funda. Akabonyeza. "Malizia." Akabonyeza mara ya tatu, akatoa utepe mfukoni akauweka kwenye kiganja cha Kipepeo, akachukua kikombe, na kikombe kikamuunguza vidole hata akakiangusha.

Ndipo alipomtazama. Kipepeo alikuwa ameketi wima, mikono mapajani kama alivyofundishwa, macho mbele. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kwikwi, yakiteremka hadi kidevuni na kudondokea utepe. Hakuwa amegeuza kichwa. Hakuwa ametema. Alikuwa anasubiri agizo.

Hospitalini tabibu wa zamu alimulika tochi mdomoni. Ulimi ulikuwa umeungua, na kaakaa, na mwanzo wa koo. "Mtu hukwepa moto hata akiwa usingizini," alisema. "Huyu kanywaje kikombe kizima?"

Shangazi alikitoa kihesabio mkononi, akakitia mfukoni.

Mchana msimamizi alimletea fomu ya matukio. Miwani alikuwa ameivua, na bila miwani alionekana mtoto. "Andika ajali, Shangazi. Mpishi hakuwepo, chai ilikuwa ya moto. Ndiyo ukweli."

"Ni nusu ya ukweli."

"Nusu inatosha kwa fomu."

Shangazi alikaa na fomu ile kwenye meza ya jikoni. Kisha akaandika kama alivyofundishwa kwenye zile saa arobaini. Kilichotangulia: nilimwambia kunywa. Kitendo: alikunywa. Kilichofuata: nilimsifu, nikampa utepe. Akaandika hivyo mara tatu, mistari mitatu, kwa sababu ilitokea mara tatu. Msimamizi akaisoma akiwa amesimama. Alianza kusema kitu kwa hasira, akakiacha katikati, akaipeleka kwa mkurugenzi kama ilivyo.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo kesho yake Shangazi alikwenda wodini Kipepeo alikolazwa. Mama alikuwa akimpa Kipepeo maziwa baridi kwa mrija. Shangazi alimweleza yote: neno alilosema, kwamba hakutazama, kwamba alibonyeza. Akamweleza hata lile asilolazimika kulisema, kwamba binti hakutema kwa sababu yeye Shangazi alikuwa amemfundisha kwa miezi mitano kuwa kukataa hakumfikishi popote.

Mama hakupiga kelele. Alipangusa maziwa kidevuni mwa mwanawe, akakunja kitambaa mara mbili.

"Toka," alisema.

Shangazi alikaa nyumbani siku tatu. Dada yake, ambaye kwa ulimi alikuwa pacha wake, alimwacha siku mbili, ya tatu akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu, nikwambie jambo? Wewe mwenyewe hujui kukataa. Hata mumeo, Mungu amrehemu, ulimkubali ili usimsumbue baba. Ukawapikia watu miaka kumi na tisa, ukiambiwa ubaki mpaka jioni unabaki. Halafu wakakupa kazi ya kufundisha utii! Ni kumpa samaki kazi ya kufundisha kuogelea."

"Dada, sina hali ya kucheka."

"Nani anacheka? Amka ukaoge."

Aliporudi kituoni alimkuta msimamizi ofisini peke yake, grafu ya Kipepeo imebanduliwa ukutani na kuwekwa mezani. "Nilipata alama za juu chuoni kwa grafu za namna hii," alisema msimamizi. "Huko kwenye fani yetu watu wanavutana, Shangazi. Wapo watu wazima waliopitia mafunzo haya wakiwa wadogo, sasa wanasema yaliwaumiza. Wapo wanaotaka tuache kabisa. Wapo wanaosema kosa si la sayansi, ni la kile tunachochagua kukihesabu. Mimi nilikuwa nasoma tu wale wanaonisifu."

"Mwanangu, ya huko mimi siyajui," alisema Shangazi. "Ila karatasi yetu ina pa kuandika alikataa. Haina pa kuandika alikataa nini, na kwa nini."

Walikaa hadi saa nane wakiandika mpango mwingine. Ulikuwa wa ajabu hata machoni pao wenyewe: kumfundisha mtu kukataa. Na usingeweza kuanza bila mama kukubali.

Mama alifanyia kazi sebuleni kwake. Cherehani ilikuwa dirishani, vipande vya kitambaa vimepangwa kwa rangi ndani ya makasha ya viatu, na pini zimechomekwa kwenye bega la gauni lake. Kipepeo alikuwa ameketi mkekani akipanga vifungo kwa mstari. Alikuwa amepona vya kutosha kula uji. Hakuinua kichwa Shangazi alipoingia, na Shangazi hakukaribishwa kiti. Alieleza akiwa amesimama.

Mama alisikiliza huku akishona, na maelezo yalipoisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Miaka kumi na tano nimetafuta mtu wa kumfundisha asikatae. Nimepata. Mkamuunguza. Leo unakuja kuniambia mtamfundisha akatae? Akikaa chini katikati ya barabara, gari linakuja, utakuja wewe?"

"Nitakuja, dada."

"Maneno hayo."

"Ni maneno, kweli. Lakini leo mtu yeyote akimwambia mwanao fanya hiki, atafanya. Mtu yeyote, dada. Siyo mimi na wewe tu."

Mama aliacha cherehani. Kisha akainama, akaokota kifungo kimoja kikubwa cha koti pale mkekani, akakisogeza karibu na midomo ya binti yake.

"Kula," alisema.

Kipepeo akafungua mdomo.

Mama aliurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Kifungo kikaanguka, kikabingirika hadi chini ya kabati, na hakuna aliyekifuata. Alikaa kitako sakafuni, pini zake begani, na kwa mara ya kwanza akalia mbele ya mtu wa kituo. "Kaa basi," alimwambia Shangazi baadaye. "Mbona umesimama kama mdai?"

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta kitu ambacho Kipepeo angekikataa, na hakikupatikana. Walimpa limau, akalila na ganda lake. Walimpa taulo lililolowa maji baridi, akalishika hadi lilipokauka. Walimvisha kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akatembea kwa kuchechemea chumba kizima, akarudi, akakaa. Yule mfanyakazi mpya alitoka nje asionekane akilia. Siku ya tisa Shangazi alimsogezea mkononi brashi ya nyuzi ngumu, ile ya kusugulia sufuria, na safari hii hakutazama uso wala mikono. Alitazama miguu. Ndani ya kandambili, vidole vya miguu ya Kipepeo vilijikunja.

"Umekataa," alisema Shangazi papo hapo. "Haya, naiondoa." Akaificha brashi nyuma ya mgongo.

Kipepeo alitazama pale brashi ilipokuwa. Kisha akamtazama Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu alipoungua.

Wakaendelea hivyo, mara nne au tano kwa siku, si zaidi. Vidole vikijikunja, brashi inaondoka. Baada ya wiki bega likaanza kusogea, kisha kichwa kikageuka. Walitaka hatimaye ainue kiganja mbele, ishara ambayo hata mpita njia angeielewa, lakini Shangazi alikataa katakata kumshika mkono na kumfundisha kwa nguvu. "Huo mkono nimeshaushika vya kutosha." Badala yake yule mfanyakazi mpya alikaa kando ya Kipepeo, akasogezewa brashi yeye, akainua kiganja, na brashi ikaondoka. Wiki mbili alifanya mchezo huo kama mwigizaji anayeshangiliwa na ukuta. Asubuhi ya siku ya kumi na tano Kipepeo akainua kiganja chake mwenyewe, vidole vimetanuka, kikasimama kati yake na brashi.

Shangazi aliitupa brashi dirishani. Mlinzi aliyekuwa chini ya dirisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kulikoni.

Furaha hiyo ilidumu siku tatu. Maana Kipepeo, alipoona kiganja kinafanya kazi, alikitumia kwa kila kitu. Alikataa viatu, kuoga, basi, uji, kuchana nywele na kuingia chumbani, na akiwa chumbani akakataa kutoka. Ndani ya mwezi Shangazi, aliyerudi kuhesabu kukataa, alibonyeza mara sitini na moja kwa siku moja. Mkurugenzi alimwita.

"Tulianza na arobaini na tatu," alisema. "Tukaenda sifuri. Sasa tuko sitini na moja. Wakaguzi wakija niwaambie tunapanda au tunashuka?"

"Waambie tunasikiliza."

Jibu hilo halikumfurahisha. Wafanyakazi wawili walikuwa wameshalalamika kwamba kazi haziendi, na mmoja alihamia kituo kingine. Mkurugenzi akamwondoa Shangazi kwenye kufundisha wageni kwa miezi sita, na siku mbili kwa wiki akamrudisha kwenye deki. Msimamizi alimtetea hadi sauti ikapanda, lakini Shangazi alimtuliza. "Niache na deki yangu, mwanangu. Haijawahi kunitukana." Maumivu aliyameza. Nyumbani hakumwambia dada yake kwa wiki nzima, na dada alijua siku ya kwanza kwa harufu ya dawa ya sakafu.

Mama ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Mabasi matatu yaliondoka siku moja akiwa amesimama kituo cha basi na binti aliyenyoosha kiganja. "Umenirudishia balaa langu," alimwambia Shangazi kwa simu, na Shangazi akaacha ndoo, akaenda, kwa sababu alikuwa ameahidi. Hapo kando ya barabara, kwenye benchi, ndipo walipokubaliana kwamba si kila jambo lina mlango wa kutokea. Dawa ya kifafa anayomeza Kipepeo kila siku lazima inywewe, na barabara haivukwi peke yako. Lakini dawa inaweza kunywewa sasa au baada ya kupanga vifungo, na barabarani Kipepeo anaweza kushikwa mkono, au yeye amshike mama kiwiko. Akachagua kiwiko. Kumbe miaka yote alichokuwa akikikataa barabarani kilikuwa kufumbatwa vidole, na hapakuwa na aliyewahi kumuuliza.

Kukataa kulipungua polepole, hadi kumi, kumi na mbili kwa siku, na hapo kukatulia. Msimamizi aliongeza safu mbili kwenye karatasi za kituo kizima: alikataa nini, sisi tulifanya nini. Mwaka uliofuata alizipeleka karatasi hizo kwenye mkutano wa wenzake, pamoja na ile mistari mitatu ya chai, akaisoma mbele yao kwa sauti. Baadhi walimpongeza. Wengine walimwambia anaitia fani aibu. Alirudi amechoka, akala chakula cha mchana na Shangazi kwenye ngazi za nyuma.

Ule mvumo wa Kipepeo haukurudi. Mama alisema huenda umemtoka tu kwa ukubwa. Shangazi hakubisha, wala hakuamini. Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua kila mtu kituoni bila kulitaja: Kipepeo alipokea chai kwa mpishi, kwa msimamizi, hata kwa mlinzi. Kwa mkono wa Shangazi, kamwe. Kiganja kilikuwa kikiinuka kabla kikombe hakijafika mezani. Shangazi aliandika hilo kwenye karatasi, kila siku, kwenye safu yake.

Miezi sita ilipoisha walimrudisha kufundisha wageni, kwa kuwa wageni wenyewe walikuwa wakimfuata kwenye deki kumuuliza.

Mwezi wa nane mwaka huo jino la Kipepeo lilioza. Walikwenda watatu: Kipepeo, mama na Shangazi. Chumba cha daktari wa meno kilikuwa kidogo, kina kiti cha kulalia na taa yenye mkono wa chuma. Daktari alikuwa na foleni ya watu tisa nje. Aliwasha taa, akasogea, na kiganja kikainuka.

"Mshikeni," alisema daktari, akivaa glovu ya pili. "Mmoja kichwa, mmoja miguu. Ni dakika tano tu."

Shangazi alikuwa anatafuta maneno ya heshima. Mama hakutafuta.

"Hashikwi mtu hapa," alisema. "Tutakuja kesho."

"Mama, kesho atakuwa yuleyule."

"Basi tutakuja keshokutwa."

Safari ya pili Kipepeo alikaa kwenye kiti, akapandishwa na kushushwa mara sita kwa kanyagio, akafurahi hadi vidole vikapepea, na mdomo hakuufungua. Daktari aliguna lakini akampa kioo kidogo cha mpini akakishike nyumbani. Safari ya tatu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mlangoni Kipepeo alisimama, akageuka, akamwinulia Shangazi kiganja. Hakuwa na shida na mama, wala na daktari. Shangazi ndiye asiyeingia.

"Haya, mwanangu," alisema Shangazi, akakaa kwenye benchi la korido.

Alikaa pale dakika arobaini kati ya bwana mwenye shavu lililovimba na bibi aliyesinzia. Alisikia kanyagio la kiti. Alisikia maji. Mara moja alinyanyuka nusu, akajirudisha chini. Hatimaye mlango ulifunguliwa, Kipepeo akatoka wa kwanza, pamba shavuni, ameshika jino lake ndani ya kipande cha karatasi, akampita na kuelekea nje kwenye jua.

"Imekuwaje?" aliuliza Shangazi. "Alishikwa?"

"Nani amshike?" Mama alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Kaufungua mwenyewe. Akaufunga. Daktari akangoja, akaufungua tena. Mara tatu hivyo. Twende, nitakusimulia njiani, huyu ameshafika getini."